Matairi ya Kwendea Ukweni

Kaka yangu ni mtu mwema, lakini ana mdomo. Madereva wenzake wa malori walimpa jina la Breki, na alipostaafu akaja nalo nyumbani. Wachumba wawili wa binti yake aliwasimamisha mlangoni: mmoja kwa kuchelewa, mwingine kwa kupiga honi badala ya kushuka abishe hodi. Huyu wa tatu, fundi friji, mpole kweli, ndiye ambaye binti alinililia kwa ajili yake. "Shangazi," aliniambia, "baba akimkataa na huyu, sijui nitafanya nini." Nikamwambia, mwanangu, tulia, nitakwenda nao mwenyewe.

Safari ilikuwa ya kwenda kuwaona wazazi wa kijana. Kaka alishasema: akiridhika atatoa neno lake hukohuko, asiporidhika, basi tena. Asubuhi kijana akaja kutuchukua na kigari chake, kimeoshwa mpaka kinang'aa. Kaka akakaa mbele, mimi nyuma. Gari la kaka likabaki limefunikwa turubai, maana lile haliguswi na mtu. Hata pampu yake haazimishi.

Mjini tulikwenda vizuri. Tulipoingia barabara kuu, ile sehemu waliyoichanja mistari ili maji ya mvua yasisimame, gari likaanza kucheza. Mistari yenyewe inakwenda mbele kwa mbele, kama nywele zilizopitishwa chanuo. Gari likavutwa kushoto, kijana akalirudisha. Likavutwa kulia, akalirudisha. Nikaiona shingo ya kaka inakaza.

"Kijana, umekunywa?"

"Hapana, baba. Mimi sinywi."

"Hebu nipulizie."

Loo! Niliona aibu mpaka kwenye nyayo. Kijana wa watu akageuza uso kidogo, macho bado barabarani, akapuliza.

"Pipi ya mnanaa!" kaka akatangaza. "Mtu anayekula mnanaa asubuhi yote hii anaficha nini?"

"Woga, baba," kijana akasema.

Mimi nilicheka. Kaka hakucheka.

"Simama pembeni. Nimeendesha malori tangu hujazaliwa, sijaona mwanamume anayeshindwa na barabara iliyonyooka. Gari tu linakushinda, mwanangu utamweza? Shuka, nikuonyeshe usukani unavyoshikwa, halafu tunageuza tunarudi nyumbani."

Nilimwona binti yetu kama yupo pale mbele yangu, na yale macho yake. Hasira zikanipanda, lakini nikauma ulimi, kwanza nione huo ufundi.

Kaka akaingia kwenye usukani. Akavuta kiti, akarekebisha vioo, akakohoa. Tukaondoka vizuri, taratibu, yeye kifua mbele. Mwendo ulipokolea, gari likaenda kushoto. Akalirudisha. Likaenda kulia. Akaubana usukani kwa mikono miwili, ndiyo kwanza likazidi.

Mungu anisamehe, nilishindwa kujizuia. Nikainama mbele.

"Kaka," nikamwambia, "hebu nipulizie."

Mkuki kwa nguruwe! Akavimba, akazidi kuubana usukani. Kijana naye aligeukia dirishani, na mabega yake yanatikisika.

Kaka akasimamisha gari pembeni, akashuka, akachuchumaa mbele ya tairi. Akapitisha kidole kwenye mifereji yake: mipya, imechimbika, imenyooka kuzunguka tairi lote bila kona hata moja. Akaitazama barabara. Akalitazama tairi tena.

"Kumbe!" akasema. "Mistari ya tairi inaingia kwenye mistari ya barabara. Tairi linataka kuifuata, na wewe unalivuta. Si hatari, usukani unaushika tu kwa ulaini. Matairi yangu yamekatwakatwa vijumba vijumba, ndiyo maana sijawahi kukutana na kitu hiki. Haya umenunua lini?"

"Wiki hii, baba." Kijana alikuwa anatazama viatu vyake. "Ya zamani yalikuwa vipara, na wala hayakuwa yanacheza. Lakini siku ya kwanza nilipokuja ulisema, ukitaka kumjua mwanamume, tazama matairi yake. Nikaona nisije kukuchukua na vipara."

Kaka akanyanyuka. Akarudi garini, akaendesha mpaka pa kugeuzia, akageuza. Anarudi nyumbani!

"Ukimkataa kijana huyu," nikamwambia, "mimi na wewe basi."

Binti alipotuona tumerudi mapema vile, alitoka akashika mlango, machozi tayari. Mchumba wake akabaki kumtazama tu. Kaka akapita katikati yao kama hawapo, akalivuta turubai la gari lake, akatoa jeki na spana.

"Unafanya nini wewe?" nikamuuliza.

"Rimu ni saizi moja," akasema, huku analegeza nati. "Kijana, njoo ushike hapa."

Magurudumu yote manne yakatoka, yakafungwa kwenye kigari cha fundi friji. Lile gari lisiloguswa likabaki limekaa juu ya matofali, kama kuku aliyenyonyolewa. Binti akasogea.

"Baba, mmerudi kwa nini?"

Kaka akajifuta grisi kwenye suruali yake ya safari, ile niliyoipiga pasi mimi.

"Tumefuata matairi," akasema. "Ulitaka nifike kwa wakwe zangu nayumba njia nzima kama mlevi?"

Mwanangu alilisikia hilo neno, wakwe, akakaa palepale kwenye ngazi akalia. Na mimi nililia, kwa nini nidanganye. Nilifurahi mpaka nikamsahau aliyeniudhi.

Kaka akampa kijana ufunguo, akazunguka, akakaa kiti cha abiria. Tulipofika tena kwenye ile mistari, gari lilikwenda limetulia kabisa. Kaka akautazama usukani. Kisha akanyoosha kiganja chake.

"Ile pipi yako ya mnanaa," akamwambia, "imebaki hata moja? Naona na mimi naogopa."