Wale Walioibuka Mtoni

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, Mwalimu Rahabu alifundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari Lushoto. Mumewe, Mika, alikuwa ameshuka Mazinde na lori la kabichi wakati wa masika, mto ukalizoa lori darajani. Wenzake walitoka. Mika hakuonekana, wala mwili wake. Ndugu walitaka kuweka matanga, Rahabu akakataa. Alisema mtu ambaye hajaonekana hajafa. Basi watu wakapunguza kumtembelea, maana hawakujua wampe pole au wasimpe.

Mwaka uliofuata, mwanafunzi wake Tatu alimuuliza kama maneno emerge na emergency yana undugu. Rahabu hakujua. Siku zote alifundisha kwamba moja ni kujitokeza na lingine ni dharura. Ingawa alikuwa Mlutheri, Jumamosi alikwenda parokiani kwa Padre Timotheo, mzee aliyesoma Kilatini seminari.

Swali lilimfurahisha padre. Alieleza kwamba kwa Kilatini mergere ni kuzamisha majini, na ile e ya mbele ni kutoka. Neno lilianza na kitu kilichozama kikaibuka. Baadaye ndipo likatumika hata kwa habari zinazojitokeza. Dharura nayo ni jambo lililoibuka ghafla. Hapo akamtazama mgeni wake.

"Nisamehe, mwanangu. Nimesahau nazungumza na nani."

"Endelea, Padre. Na kile ambacho hakikuibuka?"

"Shina ni hilohilo. Wanasema submerge. Kimezama, basi."

Jumatatu Rahabu alilieleza darasa kama alivyoelezwa. Tatu akaomba mfano. Rahabu alishika chaki, kisha akasema bila kuandika, "Wenzake waliibuka mtoni. Mume wangu alizama."

Hakuwa amewahi kulitamka hilo.

Jioni alimwendea Nathanaeli, mdogo wake Mika, akamwambia matanga yawekwe. Watu walikuja, wakaimba, wakampa pole waliyokuwa wameizuia muda wote ule, wakarudi kwao. Nathanaeli aliondoka wa mwisho. Mvua ilikuwa inanyesha, Rahabu akampa koti la Mika. Akiteremka njia ya Kwai, kwa nyuma alifanana mno na kaka yake. Rahabu alisimama mlangoni mpaka ukungu ukamfunika, kisha akaingia ndani.