Kata ya Antonia

Clemensi wa Buger alipoambiwa kwamba binti yake anajiandaa kwa mashindano ya kata, alidhani ni kata ya Buger itakayopambana na kata nyingine, labda kwa mbio au mpira wa pete. Alikwishawaambia hata majirani. Ilimbidi Antonia mwenyewe, aliporudi likizo, amweleze huku akicheka mpaka machozi yakamtoka, kwamba kata ni jambo la karate: mtu anasimama peke yake, anapiga na kukinga kwa mpangilio maalumu, kana kwamba amezungukwa na maadui anaowaona yeye tu.

Hapo ndipo Clemensi alipojua kuwa mtoto wake anacheza karate. Antonia alikuwa na miaka kumi na mmoja, na kwa ajili ya shule aliishi Karatu mjini kwa mama yake mdogo, Laurencia. Jumamosi alikuwa akienda ukumbi wa parokia, ambako Mwalimu Modest aliwafundisha watoto wa mji. Clemensi hakupendezwa. Mtoto wa kike afundishwe kupigana ili ampige nani? Mkewe, Sabina, hakubishana naye. Alimwomba tu aende akaone kwa macho yake kabla ya kukataza.

Alikwenda siku aliyopeleka mbaazi sokoni. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, maana hakujua kama ndani ya ukumbi ule inafaa kuivaa. Watoto walikuwa peku juu ya sakafu ya saruji, wengine wamevaa suti nyeupe za karate, wengine nguo za michezo za shule. Antonia akaitwa mbele pamoja na msichana wa Kimasai kutoka Endulen, Sintamei, ambaye naye aliishi mjini kwa shangazi yake. Wakainama, wakaanza. Walizunguka pamoja, wakapiga pamoja, na miguu yao ikatua kwa kishindo kimoja. Clemensi alimtazama mtoto wake, yule ambaye nyumbani husemeshwa mara mbili ndipo ajibu, akitoa sauti iliyogonga mabati ya paa. Jioni ile alimwambia Sabina mtoto aachwe aendelee, kisha akaanza kuzungumzia bei ya mbolea.

Tangu hapo kila likizo Antonia alimfundisha baba yake kuhesabu kwa Kijapani wakati wa palizi. Ichi, ni, san. Clemensi alikuwa hafiki mbali, na kila alipokosea walicheka wote wawili, wakaanza upya na mstari mwingine wa maharage.

Mwaka huo Antonia na Sintamei walichaguliwa kwenda mashindano ya watoto Arusha. Majuma machache kabla ya safari, Antonia alikaa chini katikati ya mazoezi. Mwalimu Modest alifikiri hajala. Jumamosi iliyofuata alikaa tena, na safari hii midomo ilikuwa imebadilika rangi. Laurencia akampeleka hospitali, akawapigia simu wazazi wa Antonia waje.

Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alikisikiliza kifua cha Antonia kwa muda mrefu. Aliuliza kama mtoto aliwahi kuvimba viungo. Sabina akakumbuka kwamba zamani kidogo, baada ya kuumwa koo, magoti yalimvimba, wakamchua kwa dawa ya kupaka, yakanywea. Daktari akasema ugonjwa ule wa koo ndio uliouharibu moyo, na sasa mlango mmoja wa moyo haufungi vizuri. Atachomwa sindano kila mwezi, atakunywa vidonge, na atasubiri nafasi ya kupasuliwa Dar es Salaam. Asikimbie, asichote maji, na karate asiiguse.

Walimrudisha Buger. Clemensi alimweleza mwenyewe, wamekaa nje ya ghala la mahindi.

“Baba, kata haina mpinzani,” Antonia alisema. “Hakuna atakayenipiga.”

“Daktari amekataa.”

“Ni dakika moja tu. Dakika moja, halafu sitaomba tena.”

“Ukipona utashindana mpaka uchoke.”

“Na nisipopona?”

Clemensi aliinuka. Alisema Arusha haendi, na habari hiyo asiisikie tena.

Antonia hakulia. Ila kuanzia siku ile alimwamkia baba yake asubuhi kama impasavyo mtoto, akaitika alipoitwa, na zaidi ya hapo hakumpa neno. Clemensi alipalilia peke yake. Mara mojamoja alijikuta anahesabu ichi, ni, akanyamaza.

Mwalimu Modest alifunga safari mpaka Buger kumwomba Antonia aende Arusha hata kama mtazamaji, akae na wenzake. Antonia alikataa kwa adabu.

Siku ya mashindano, asubuhi, Clemensi alikuwa akitoka bandani kulisha ng'ombe alipomwona nyuma ya jiko. Alikuwa peku, amevaa suti yake nyeupe na mkanda wa kijani umefungwa vizuri, ngumi mbili kiunoni. Alikuwa hajaanza. Alikuwa ametulia, anatazama mbele yake, kule waliko maadui zake. Clemensi angeweza kurudi bandani. Alilifikiria hilo pale pale, na baadaye alilifikiria kwa miaka. Akamwita.

“Antonia.”

Hakumwita kwa ukali. Ngumi zikafunguka. Mtoto akampita akaingia ndani, akatoka amejifunga kitenge, akaketi karibu na mama yake kuchambua maharage.

Alifariki masika, tarehe ya Dar es Salaam ikiwa imeshapangwa. Asubuhi moja aliomba uji, na ulipoletwa alikuwa anahema kama mtu anayepanda mlima. Wakatafuta gari. Barabara ilikuwa tope tupu, wanaume wakashuka kusukuma, na Clemensi akabaki ndani amempakata. Antonia akamwambia afungue dirisha, anaona joto. Akalifungua. Hawakufika kwenye lami.

Baada ya mazishi Mwalimu Modest alikuja na Sintamei na shangazi yake. Sintamei alikaa karibu na Sabina, akamweleza polepole kwamba kule Arusha alifika katikati ya kata akaisahau yote, akasimama tu mbele ya watu, kwa sababu ukumbini mwao alizoea kusikia miguu ya Antonia pembeni yake. Sabina alimshika mkono, hakuuachia mpaka walipoaga.

Clemensi alimsindikiza mwalimu. Walipofika njiani akamuuliza.

“Mwalimu, ile dakika moja ingemuua?”

“Sijui, baba Antonia.”

“Kama angekuwa wako, ungemruhusu?”

Modest alisimama, akamgeukia. “Nisingemruhusu,” akasema.

Clemensi alimshukuru. Aliporudi nyumbani Sabina alimuuliza mwalimu amesemaje, naye akamwambia. Sabina akasema basi atulie, alifanya lililompasa baba. Clemensi akaitikia. Lakini alijua kwamba alimnyima mtoto kitu alichokitaka kuliko vyote ili aishi, na mtoto hakuishi.

Mwaka uliofuata Cresensia, mdogo wake Antonia, alihamia kwa Laurencia kusoma, na haukupita muda akasema anataka karate. Sabina aliposikia alitoka nje. Clemensi hakukubali wala hakukataa. Alimpeleka kwanza kwa daktari yule yule. Daktari alimpima, akasema moyo wake ni mzima. Clemensi akamwomba asikilize tena, naye akasikiliza tena bila kuchukia.

Jumamosi alimpeleka mtoto mpaka mlangoni pa ukumbi. Mwalimu Modest alikuwa amemwekea kiti ndani, lakini Clemensi akasema atangojea nje. Akaketi kwenye ngazi, mgongo ameupa mlango, akisikia miguu ya watoto ikigonga saruji. Cresensia alipotoka, jasho linamtiririka, Clemensi alimshika kifuani kwa kiganja, akauliza kama amechoka. Mtoto akasema hapana, ila ana njaa. Wakaenda kutafuta chakula.