Sanduku la Bluu Liko Ng'ambo

1.

TANGAZO
Kutoka: Ofisi ya Chifu, Kamwotyo
KUH: CHANJO YA HOMA YA UTI WA MGONGO

Wazazi wenye watoto wa kuanzia miezi tisa hadi miaka kumi na tano mnaombwa kufika kwenye zahanati siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, mkiwa na kadi za kliniki. Chanjo ni bure. Mtoto atakayekosa

(Hapo mvua ilikuwa imefuta wino.)

2.

Mama Cherop hakuhitaji kuusoma mstari uliofutika. Aliishi nao nyumbani.

Binti yake Cherop alikuwa na miaka mitatu homa ilipompata, siku ya Jumatano. Kufikia Ijumaa shingo ilikuwa imekakamaa, hataki mwanga, hataki kuguswa. Akapona. Watu wakashangilia. Mama akamwita kwa jina, mtoto asigeuke. Akamwita tena.

Tena.

Miaka mitano sasa wanaongea kwa mikono, lugha waliyoitunga wenyewe wakipika.

Na sasa kuna Pkemei, mdogo wake Cherop, mgongoni kwa mama, miezi tisa na siku nne. Ukidondosha kijiko, anageuka.

3.

Yaliyosikika kwenye foleni, Alhamisi:

— Gari la chanjo limefika!
— Liko wapi?
— Ng'ambo.
— Ng'ambo ya wapi?
— Ya mto. Na mto umejaa.

4.

Vilivyokuwa ng'ambo: gari jeupe, dereva, Sista Domtila ambaye ndiye muuguzi, sanduku la bluu lenye barafu, na ndani yake dozi mia mbili.

Vilivyokuwa huku: watoto mia moja na themanini na sita.

Katikati: maji ya rangi ya chai ya maziwa, yakinguruma.

5.

Chifu alimpigia Sista simu, akaweka spika.

"Chifu, tunarudi mjini. Barafu yangu mwisho ni saa kumi. Tutakuja wiki ijayo."

Mama Cherop akainyakua simu.

"Sista, shikamoo. Kijiji cha juu watoto watatu wamelazwa tangu juzi. Wangu alianza Jumatano, kufikia Ijumaa alikuwa ameshakuwa mwingine. Hiyo wiki ijayo unampa nani?"

Ng'ambo, Sista alisogea hadi ukingoni, akayatazama maji.

"Mama, mto huu mimi siuwezi."

"Wewe usiuweze. Tutauweza sisi."

6.

Kamba ya ng'ombe. Kamba ya kisima. Leso nane zilizofungwa pamoja. Wanaume wawili wanaojua kuogelea wakavuka na ncha, wakaifunga kwenye gari. Kisha watu wakaingia majini mmoja mmoja, mkono mmoja kwenye kamba, mpaka wakafika thelathini na mmoja.

Msomaji, hebu ingia nawe. Baridi, sivyo? Maji yako kiunoni, mchanga unakimbia chini ya nyayo. Aliye kushoto kwako ni Mama Cherop, ameomba asimame penye kina. Pkemei amemwachia bibi yake.

Sanduku linakuja.

Mkono.

Mkono.

Mkono.

7.

Lilipomfikia Mama Cherop, watu wa ukingoni walianza kupiga kelele. Midomo ilifunguka, mto ukameza kila neno. Akatazama ukingoni na kumwona Cherop amepanda juu ya jiwe. Mikono ya binti yake ilikuwa inasema, haraka lakini wazi:

Mti. Mkubwa. Unakuja. Juu yako.

Angekuwa ni mtu mwingine, angekuwa bado anauliza, "Nini?"

Mama Cherop alilipandisha sanduku kichwani, akarudi nyuma hatua mbili, akawavuta na wenzake. Mti ukapita mbele yake, ukaizamisha kamba na kuiachia, matawi yakamkwaruza kifua.

Kisha mikono pale juu ya jiwe ikasema: Sasa.

8.

RIPOTI YA SIKU
Dozi zilizopokelewa: 200
Zilizovunjika: 0
Alama ya joto kwenye chupa: nzuri
Usafiri: ~~Gari~~ Watu
Maoni ya muuguzi: Nimevushwa pia. Viatu sijui viko wapi. Naomba daraja. Naomba Mungu awabariki hawa watu, jamani, sijawahi kuona

9.

Saa tisa na nusu ikafika zamu ya Pkemei. Sista Domtila, peku, sketi ikichuruzika, alimdunga pajani. Pkemei alivuta pumzi ndefu, kisha akalia mpaka mbuzi wakatawanyika. Foleni nzima ikapiga vigelegele.

Cherop alishachanjwa. Hakusikia vigelegele, ila aliviona. Akaja akicheka, akagusa sikio la ndugu yake kwa kidole kimoja, akamgeukia mama. Mikono ikauliza:

Hili sasa ni lake? Halichukuliwi?

"Anasemaje?" aliuliza Sista.

Swali la Cherop lilihitaji kujibiwa kwa mikono miwili. Mama Cherop alimpa Sista mtoto amshikie, akapiga goti mbele ya binti yake, akainua mikono, nayo ikasema: Lake. Halichukuliwi.