Bei ya Mjaka

Samaki waliotoka kwa Mjaka asubuhi wakiwa wabichi walirudi adhuhuri wamekaangwa. Walikuwa walewale, changu na tasi, wamepangwa kwenye sinia kichwa kwa mkia, limau limekatwa pembeni, na kawa jipya limewafunika. Tahiya, binti wa dada yake, aliliweka sinia juu ya mkeka.

"Mama anakusalimu, mjomba. Anasema ule wakiwa moto."

"Hata mmoja hakubakisha?"

"Hakubakisha."

Siku ya kwanza Mjaka alicheka, akawaambia mafundi waliokuwa wakimjengea nyumba kwamba dada yake Mwatum hajapata kushindwa kwa ukarimu. Siku ya pili alikula tu. Leo alilifunua sinia, akalitazama, na hamu ikamtoka. Mafuta yalikuwa ya Mwatum, kuni zilikuwa za Mwatum, na samaki wake mwenyewe walikuwa wamerudi wote. Alianza kuona kwamba amefungiwa mlango, tena kwa adabu.

Mjaka alikuwa na maduka Darajani na nyumba Malindi, mjini Unguja, lakini kitovu chake kilizikwa Kizimkazi. Tangu arudi kusimamia ujenzi, kila asubuhi aliteremka diko, pale vyombo vinaposhusha samaki na dalali akawanadi. Subira ya mnada hakuwa nayo. Usi, dalali, akifungua kinywa tu, Mjaka hutaja bei yake, kubwa, na mnada ukaisha kabla haujaanza. Kisha samaki hugawiwa kijiji kizima: wajane, watu wa msikitini, mafundi, yeyote mwenye sufuria. Wenzake wa mjini walitumia mali zao kwa magari ya kutisha na harusi za kufunga njia. Yeye alitumia yake kwa watu wake. Jina lake lilipotajwa kwa dua baada ya sala, alitembea kama mtu aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi sasa hivi.

Alasiri alikwenda kwa Mwatum. Katika kibanda cha kando ya barabara, ambako dada yake amekuwa akikaanga samaki wa kuuza tangu mama yao afariki, karai lilikuwa limefudikizwa juu ya mafiga yaliyopoa. Mwatum aliketi akisuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu. Leo huna samaki mkononi? Nilidhani umeshaota mapezi."

"Mbona hukaangi?"

"Nikaange nini?"

"Samaki si nnakuletea kila siku?"

"Wale nnakukaangia wewe." Hakunyanyua uso, ukili uliendelea kwenda vidoleni. "Mimi nilikuwa nanunua, Mjaka. Sasa napewa."

"Ungenambia."

"Nikwambie nini? Pesa zako, na mnada hauna mwenyewe. Nimesimama pale na beseni langu, nikasikia bei yako, nikarudi. Salhiya, mkaangaji mwenzangu, naye vivyo hivyo. Kenda zake kulima mwani."

"Basi ntanunua mimi, nikupe uuze. Faida yako."

Mwatum akacheka kidogo. "Niwe mchuuzi wako. Na nimuuzie nani? Wateja wangu wote wako milangoni na sahani, wanakungoja upite."

"Kwani kutoa ni dhambi, dada?"

"Sikusema. Hilo kawaulize wenye vitabu. Mimi nasema karai langu limelala."

Mjaka alirudi moyo umemchacha. Kwanza aliona amedhulumiwa. Ni tajiri gani mwingine aliyekumbuka kwao? Lakini alikuwa mfanyabiashara, na hasira ilipotua alianza kuzitazama asubuhi zake kama anavyoitazama biashara ya mtu mwingine. Akamkumbuka bwana mmoja wa mjini aliyewahi kuununua mchele wote bandarini, akagawa mwingi kwa masikini, na wenye vijiduka wakabaki na mizani mitupu. Watu walimwombea dua yule bwana. Mjaka, ambaye zama hizo naye alikuwa na kijiduka, hakuitikia amina.

Asubuhi aliteremka diko kama kawaida, maana kutokwenda kungekuwa kujificha. Boti ya Ayoub ilikuwa imeleta kolekole wazuri, na Ayoub, ambaye mashine ya boti yake ilikuwa ikizimikazimika, alimtazama Mjaka kama mkulima anavyotazama wingu. Usi alipanga samaki mchangani, akataja bei ya kufungulia, akamgeukia Mjaka.

"Bwana Mjaka, leo umefunga?" akauliza.

Watu wakacheka. Mjaka alitabasamu, akafumbata mikono nyuma.

"Mimi," sauti ya Mwatum ikatoka pembeni, akataja bei yake.

Salhiya akapandisha.

"Nyoo, si ulikwenda kwenye mwani wewe?"

"Mwani hauliwi na wali, Bi Mwatum."

Mwatum akapandisha tena. Salhiya akatikisa kichwa. Usi alimtupia Mjaka jicho la mwisho. "Mara ya kwanza. Mara ya pili."

"Bwana," Ayoub alisema taratibu, "leo tumekukosea nini?"

Bei iliyotajwa ilikuwa ya haki, na ilikuwa ndogo kuliko ya jana. Mjaka alilijua hilo kuliko yeyote pale. Neno tupu lisingetengeneza mashine ya mtu. Mikono aliiacha nyuma vilevile, na kuiacha kule kulimgharimu kuliko samaki wote aliopata kununua.

"Mara ya tatu. Bi Mwatum."

Mwatum alifungua pindo la kanga, akalipa mbele ya watu, akajaza beseni, akajitwika. Alipompita ndugu yake hakusema ahsante. Shingo ilikuwa imenyooka chini ya mzigo, maji ya samaki yakimchuruzika shavuni. Mjaka aliona fahari ikimpanda kifuani, wala haikufanana na ile ya kanzu. Alitamani kumwambia mtu aliyesimama karibu: yule ni dada yangu.

Baada ya adhuhuri moshi ulionekana kibandani. Mjaka alipanga foleni nyuma ya mafundi wake.

"Kipande hicho bei gani?"

Mwatum akamtajia.

"Ghali. Punguza."

"Nenda Darajani, kule wanakujua."

"Hata kwa ndugu yako?"

"Ndugu yangu yuko kwake. Hapa nna mteja, tena anaziba watu."

Mafundi waliinamisha nyuso wakicheka. Mjaka alitoa noti. Mwatum aliitazama bila kuipokea.

"Hii sina chenji yake. Kaivunje."

"Ibaki yote, dada."

"Nshasema, kaivunje."

Duka la kwanza halikuwa na chenji. La pili, mwenyewe alikuwa kenda kula. Mtu pekee aliyekuwa na pesa mchana ule, za mnada wa asubuhi, alikuwa amekaa ukingoni mwa boti yake, mashine imefumuliwa mbele yake juu ya gunia. Mjaka alisimama kidogo kabla ya kushuka mchangani.

"Ayoub, nivunjie hii."

Ayoub alifuta oili mikononi kwa tambara, wala hakuharakisha. Aliitazama noti, akamtazama mwenyewe. Kisha akasogea, akamwachia nafasi.

"Kaa," alisema. "Zangu ndogondogo. Zitachukua muda."