Pedeli ya Kalekye

Ndege ya Mwalimu Maundu ilijengwa kwenye banda la ng'ombe kule Kola, na tangu ubao wa kwanza msaidizi wake alikuwa mmoja tu: mkewe, Kalekye. Hata kutoa upepo kwenye breki ilikuwa kazi yao wawili, Kalekye juu kitini, Maundu chini kwenye gurudumu. "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Jioni baada ya jioni, na bado pedeli ilizama kama inayokanyagwa kwenye uji. Maundu alikasirika. Kalekye, kusema kweli, angekanyaga mpaka Krismasi.

Ndipo Maundu akamleta Mwongeli, mwanamke fundi wa breki za malori kutoka Athi River. Mwongeli akatazama, akacheka.

"Mwalimu, upepo unapenda kupanda, na wewe unausukuma chini. Tuanzie huku."

Akaomba bomba la sindano ya ng'ombe, akalijaza mafuta ya breki, akayasukuma kutokea kwenye gurudumu. Mapovu yakapanda yenyewe hadi kwenye kikopo cha juu, yakaishia huko.

"Na mimi nikanyage saa ngapi?" Kalekye akauliza.

"Hii haitaki mtu wa kukanyaga, mama."

"Mama Musili, hebu tuchemshie chai," Maundu akamwambia mkewe bila kuinua kichwa.

Chai! Kalekye akaenda, wivu umemjaa. Kutoka jikoni aliwasikia wakicheka, na akajua vichwa vyao vimeinamia gurudumu moja. Mungu amsamehe, aliomba ile pedeli izame vilevile. Haikuzama. Alipotoka na birika, Maundu alikuwa kitini akiikanyaga na kuisifu.

"Fundi, panda tuijaribu hapa shambani," akasema.

Kalekye akaweka birika chini, akapita katikati yao, akapanda kando ya mumewe.

"Kiti hiki kina mwenyewe."

"Aiya, kaa tu mama," Mwongeli akasema akipangusa mikono. "Mimi hii kitu siwezi panda hata mkinilipa."

Injini ikanguruma. Wakakimbia, ua wa makonge ukiwajia, na Kalekye akajiona mshindi. Maundu akakanyaga. Ndege ikapunguza mwendo, ikasimama vizuri kabla ya makonge.

Maundu akapiga ukelele wa furaha, akageuza kichwa. Akakigeuzia nje, kule alikosimama Mwongeli.

"Umeona?" akapaza sauti. "Fundi, umeona?"

Kalekye alikuwa ameketi naye bega kwa bega, akingoja naye aulizwe.