Glasi ya Maji Ghorofani

Fundi wa kurekodi muziki aliitwa Masikio, na jina hilo lilimvimbisha kichwa. Kila wiki alimbeba mgongoni mwimbaji asiyeweza kutembea, akampandisha hadi studio ghorofani. Kisha aliwasimulia wateja huruma yake, nao wakamvika kilemba cha ukoka.

Leo sauti ya mwimbaji ilikwaruza. "Kunywa maji, dada! Nikuambie mara ngapi?" Masikio alifoka kutoka chumba cha mitambo. Glasi ilikuwa mbele ya mwimbaji, imejaa pomoni.

Kipaza sauti kilikuwa bado wazi, na Masikio alikuwa amevaa visikilizio. Akamsikia mwimbaji akimnong'oneza mdogo wake aliyemsindikiza: "Tangu jana sijatia hata tone mdomoni. Choo kiko chini. Nikibanwa, nibebwe tena na masimango juu?"

Masikio alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaingia chumba alimokuwa mwimbaji, akaanza kuchomoa nyaya.

"Nirudie, kaka?" mwimbaji akauliza.

"Hapana, dada. Tutarekodia chini, karibu na... tutarekodia chini tu." Hakuthubutu kuinua macho.

Mwimbaji akaichukua ile glasi, akainywa yote bila kupumua.

"Kumbe unasikia," akasema.