Msumari wa Nne

…na mikimbio miwili tu ndiyo wanayotaka wageni washinde kriketi hii, miwili, nao wamebakiwa na wiketi moja, mpigaji wa mwisho, alhamdulillah, nani mwingine angemwandalia Sedick Galant kuagwa kuzuri namna hii, miaka thelathini na tisa, magoti mabovu, mpira mkononi, anarudi polepole kwenye alama anakoanzia mbio, na mtaa mzima umesimama kandokando ya kamba, Rugaya mkewe na beseni la sambusa, na Fagmie, mdakaji wao, nyuma ya vijiti vya wiketi hafungi mdomo, "Lionel! Mkeo keshapakua, toka ukale!" na Lionel Fortuin anaegemea gongo lake la kupigia, "Wangu ana subira, nyie mleteeni Boeta Sedick kiti, kaka yenu anazeeka njiani!" na watu wakaangua kicheko, hata yeye akacheka, ila hakumtazama Lionel, alitazama mkeka uliopigiliwa mpira utue juu yake… pale, ukingoni, hatua mbili mbele ya mguu wa Lionel, msumari wa nne, ambao baada ya mapumziko ya chai yeye mwenyewe alidaka nyundo, acheni, hii kazi ya wenyeji, nitaugonga mimi, akaugonga nusu. Nusu tu. Upepo ukaingia chini, mkeka wa makumbi ukainuka kidogo juu ya changarawe, mkunjo kama wa shuka, na mpira ukitua pale hupanda ghafla usoni mwa mtu, na yeye anajua kuutua pale hata akifumba macho, Mola amsamehe, amefanya hivi mara ngapi, saba? kumi? Yule Cyril, mwalimu wa kwaya, meno mawili, damu kwenye shati jeupe, na Jumapili akaja nyumbani mdomo umevimba kumpa mkono, "Mpira mzuri ule, Boeta, sijawahi kuuona," naye akasema asante… akasema asante! Akamkaribisha chai. Na watu wanasema angechezea nchi, anapiga, anarusha, wapi kuna wa pili, lakini nchi gani, dunia imekataa kucheza na nchi hii kwa ubaguzi wake na imefanya haki, na wao nao wamekataa kucheza na Wazungu wa hapa mpaka kila mtu awe mtu, kwa hiyo nje kumefungwa na ndani kumefungwa, miaka ishirini juu ya changarawe, na yeye hanung'uniki, anung'unike nini, amepewa Rugaya aliyemshonea suruali nyeupe kwa shuka za mahari, amepewa Fagmie na kelele zake, amepewa kila Jumamosi… shukrani ni zako, ya Rabi. Na yule bwana wa suti wa klabu ya Wazungu aliyekuja dukani mwaka wa sabini na tano, njoo upande wetu, kiwanja cha majani, utaonekana, naye akamjibu siwaachi watu wangu, na Ijumaa msikitini wakapanga foleni kumshika mkono, na jibu lilikuwa la haki, kesho akiulizwa atalirudia, lakini Mungu alisikia na kilichokuwa chini yake: kwenye majani hakuna msumari. Aliogopa. Aliogopa waone kuwa ni mrushaji wa kawaida, wa kawaida kabisa, na heshima yote ile aliipokea kama… "Boeta, tunamaliza mechi au tunalala?" Fagmie huyo, na amefika kwenye alama, amegeuka, Lionel ameinama, uso wazi, mtu wa watoto watatu, na Mungu ni mwema kiasi gani, angeweza kumfunga Sedick mkono zamani, lakini amemwachia mpira mmoja, na nyundo bado iko pale kando ya kamba… "Mwamuzi, simamisha." Akatembea, goti likalia, akapiga magoti kwenye changarawe. "Huu niliulegeza mimi. Makusudi. Si leo tu." Lionel akautazama msumari, akamtazama yeye. "Basi ugonge sawasawa, Boeta," akasema, bila kucheka, "halafu uje." Akaugonga mpaka kichwa kikazama. Akarudi. Mikimbio miwili, wiketi moja, upepo uleule, mpira mkononi mwake, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakujua utafanya nini ukitua, alhamdulillah, hakujua kabisa.